Toleo Halali la Kisa cha Iringa

Naandika mbio mbio kwa sababu jamaa yangu ameshaniwahi. Video yangu nikimuuliza mwandishi swali kwenye tamasha la waandishi hapa Iringa inazunguka tangu juzi, na chini yake kaandika "Mhakiki akihakikiwa", na vikatuni vya kucheka visivyo na idadi. Kwa hiyo nianze na kukanusha. Sikulia. Upepo wa Iringa mwezi wa saba aliyewahi kukaa huku anaujua, unatoa machozi hata kwa mtu mwenye furaha zake. Na sikutoroka, nilikwenda kununua kitabu. Mengine yote, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Tamasha la waandishi mnalijua, nimelipigia debe humu mpaka mkanichoka. Hema, viti vya plastiki vya kukodi, waandishi watatu jukwaani, mada ni mwandishi na siasa za nchi yake. Mimi niko mstari wa pili na kopi yangu ya riwaya ya mmoja wao mapajani. Na ni kopi kwelikweli: springi nyeusi, plastiki mbele, muhuri wa maktaba ya shule fulani umetoka nao ukurasa wa kwanza.

Mjadala ulikuwa moto, niseme ukweli. Kijana mshairi alieleza jinsi kanuni za maudhui ya mtandaoni zilivyokuja 2018 na leseni yake ya mamilioni, akafunga blogu, akarudi kwenye daftari la kaunta. Mwenzake, mzee wa riwaya, akakumbusha kwamba Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 na ikapigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye ikaja kuruhusiwa, na hakuna aliyerudi kumwomba mwandishi radhi. Halafu akasimama babu mmoja kutoka Isimani, hapa hapa mkoani Iringa, koti refu, kofia mkononi. Akasema Krismasi ya mwaka huo huo wa 1971 mkuu wa mkoa, Dakta Klerruu, aliuawa kule kwao na mkulima Mwamwindi, kisa mashamba na ujamaa, na Mwamwindi naye akanyongwa. "Sasa nyie wenye kalamu," akasema, "mpaka leo tunakisimulia kwa kunong'ona. Mnaogopa nini?" Hema zima likatulia.

Akajibu Mama Mwandishi (simtaji, mwacheni apumzike). Alikuwa anakunywa chai yake ya chupa, taratibu. "Mimi siogopi, baba. Mimi nikiwa na la kusema nalisema lote. Sijawahi kumwachia msomaji nusu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza mara mbili kabla ya kunyoosha mkono. Mimi nikanyoosha yote miwili.

Wanaonifuata tangu mwaka jana mnakumbuka makala yangu ndefu kuhusu riwaya ya huyu mama, ile niliyoiita "Siasa ya Ukimya". Mliisambaza. Nilipata wafuasi wapya. Sasa nilitaka mwandishi mwenyewe, mbele ya hadhara, anithibitishie kwamba nimemsoma mpaka mifupani.

Nikapewa kipaza sauti. "Kamwene, Mama," nikasalimu kwa Kihehe. Hema likaitikia kamwene. Ningekaa chini hapo, ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo.

"Mama, nataka kuzungumzia ukimya. Katika riwaya yako, mwenyekiti wa kijiji anaitisha mkutano juu ya shamba la ukoo. Anafungua bahasha. Anavaa miwani. Anakohoa, anaanza kusoma barua, na ghafla tuko makaburini! Hatuambiwi barua imesema nini. Hatuambiwi aliyekufa nani." Nikapumzika kidogo, wasomi hupumzika kidogo. "Pengo lile, Mama. Ni woga wa mwandishi mbele ya dola, au umewaachia wanyonge nafasi wajaze wenyewe?"

Mtu akapiga makofi. Ni yeye, huyo huyo wa video.

Mama akaweka kikombe chini. "Pengo gani, mwanangu?"

Nikadhani ananipima. Wakubwa hupenda kukupima. Nikatabasamu, naapa nilitabasamu, kwenye video inaonekana. "Lile la kati ya bahasha na makaburi, Mama."

"Barua inasomwa yote. Ile barua ndiyo iliyonitesa kuliko sura yoyote ya kitabu. Na aliyekufa ni mwenyekiti. Anaanguka palepale, karatasi mkononi."

Nyuma yangu kabinti ka kidato cha nne, sweta ya shule, kakasema kwa sauti ya kusaidia, "Ni mwenyekiti. Hata kwenye jaribio lilikuja."

"Hebu lete kitabu nione," Mama akasema.

Kutoka mstari wa pili mpaka jukwaani ni hatua chache mno. Nilizitembea kwa muda ambao mtu angefika Kihesa kwa miguu. Nilijaribu kukishika kitabu upande ambao hauonekani, lakini kopi haina upande huo, ni nyeupe mbele na nyeupe nyuma. Upepo ukaingia hemani ukaanza kuifunua mwenyewe. Springi ikalia. Kote kimya.

Mama akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, na hiyo adabu ndiyo iliyonimaliza. Kipaza sauti kikiwa mbele yake mezani, akaanza kufunua. Kila alichosema kilisikika mpaka kwenye bodaboda nje.

"Hiki kidole cha nani?"

Ukurasa wa 63. Kidole gumba cha dada wa steshenari, kizima, na pete yake, juu ya aya tatu. Nilikuwa nimekisoma kikiwa pale nikaendelea na maisha.

Akaendelea kufunua. "138 upo. 139 upo." Akalamba kidole. "138 upo tena. 139 upo tena. 140. 141, bahasha hii hapa." Akafunua. Akarudi nyuma. Akafunua tena. "146."

Akavua miwani, akanitazama kwa huruma ya mama mzazi kabisa.

"Mwanangu, hilo pengo si langu. Ni la mashine."

Jamani. Babu wa Isimani alicheka mpaka akapigwa mgongo na watu wawili. Mtu aliyekuwa amebeba mambo mazito tangu 1971, nikamfungua mimi. Fundi mitambo alikaa chini. Yule binti alicheka kwa kujificha ndani ya sweta, akidhani simwoni.

Mngedhani imeisha. Mama akaomba kalamu. "Walikutoza ngapi?"

Na mimi, kipaza sauti bado mkononi, nikajibu kwa uaminifu wa mtu aliyekamatwa: "Karatasi moja mia, Mama."

"Kurasa 212, kwa karatasi 106. Elfu kumi na mia sita. Na springi?"

"Elfu mbili."

"Elfu kumi na mbili na mia sita." Akanyoosha kalamu kuelekea mlangoni, kwenye meza yenye kitambaa cha bluu ambayo niliipita asubuhi nikiwa na haraka ya kupata kiti cha mbele. "Pale kinauzwa elfu kumi. Kina kurasa zote na hakina kidole."

Mshairi naye, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaongezea kwamba sheria ya hakimiliki tunayo, ile ya 1999. Asante, kaka. Nilikuwa nahitaji hiyo.

Wazee wanasema jiwe la Gangilonga, lile la hapa Iringa mjini, liliwahi kuongea. Mimi sikuweza.

Yaliyobaki ni mafupi. Nilinunua kitabu. Mama akanisainia vizuri tu, na kwenye kopi akaandika "Nakudai", tarehe, sahihi. Kurasa za 142 mpaka 145 nimezisoma ndani ya daladala nikapitiliza kituo. Ile barua ni balaa, na siwasimulii, elfu kumi mnazo.

Mlioisambaza "Siasa ya Ukimya", naomba muifute bila kuniuliza. Na yule dada wa chuo aliyeniandikia kwamba ameinukuu kwenye tasnifu yake sura ya pili: dada yangu, njoo tuongee kabla msimamizi wako hajaiona video.

Jana kamati ya tamasha imenipigia. Mwakani wananiweka meza ya mauzo ya vitabu. Mwenyekiti anasema hajaona mtu mwingine anayejua bei.