Dalali akivunja sheria, unaenda korti ama bodi?

Watu wengi hapa Kenya wakivamiwa na madalali, wale wa mnada wanaoshika mali yako kwa sababu ya deni, wanachanganya mambo mawili, hasira ni ya deni lakini wanamshtaki dalali. Hakimu hatakusikiza ukianza na "hata ile kesi haikuwa ya haki". Dalali ana waranti ya korti, yaani amri ya kushika mali, kwa hivyo swali ni kama ameitekeleza vile kanuni zinasema ama amejifanyia tu.

Na kanuni ziko, tangu 1997, chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Siku ya kwanza habebi kitu. Anaandika orodha ya vitu, kila kimoja na hali yake na thamani yake, mwenye vitu ama mtu mzima wa hapo anasaini (ukikataa anaandika tu umekataa, kwa hivyo kukataa hakukuokoi), halafu anakuachia notisi ya siku 7 ulipe. Michezo iko hapo kwa orodha. Unakuta "TV 1, kuukuu, 3,000" na ni ya inchi 55 bado iko na stika ya duka, ama "viti" bila idadi, halafu lori ikija mnaanza kubishana vilikuwa vinne ama sita. Hiyo karatasi ndio kesi yako, ipige picha wakiwa bado wako mlangoni. Na kuna vitu havishikwi kabisa, sufuria, kitanda na malazi, nguo za lazima, vifaa vya kazi. Cherehani ya fundi ikibebwa, hilo ni lalamiko la maana kuliko kelele zote za "walinitukana".

Lakini madalali nao wana lao. Wadaiwa wanahamisha vitu usiku, wanafunga geti, binamu anatokea ghafla na hati ya kiapo eti sofa ni zake, na malalamiko mengi yanafika kortini siku ya sita jioni, hapo hata mimi ningeshuku. Yule aliyeshinda kesi amengoja miaka, kila lalamiko likisimamisha mnada basi hukumu yake ni ya kufungia nyama.

Bado naegemea upande wa mdaiwa kidogo, sababu ni ada. Dalali ndiye anapiga hesabu ya gharama zake na mara nyingi ni wewe unalipa, na wachache sana wanajua unaweza kuipinga hiyo bili mbele ya korti ipunguzwe.

Sasa bodi ya leseni za madalali inaweza kumsimamisha dalali ama kumfutia leseni kabisa, ni sawa, lakini friji yako itakuwa imeshauzwa. Korti inaweza kuzuia mnada, na sheria inakuruhusu kumdai dalali mwenyewe fidia kama ameuza kinyume. Shida ni wakili na hati ya kiapo ndani ya wiki moja, nani atamlipa wakili elfu ishirini kuokoa friji ya elfu thelathini? Wengi wanaacha tu. Mahakama ya madai madogo tayari inapokea madai ya hadi milioni 1 na unaenda bila wakili, kwa hivyo sioni kwa nini lalamiko la dalali lisiwe fomu moja unajaza kwa faili ileile ya kesi, na dalali ajibu kwa maandishi kabla ya siku ya mnada.