Wasifu wa Babu Usiishie Kwenye Barua ya Ajira

Vijitabu vya mazishi hapa Nairobi vimeanza kufanana mno. Juu kuna picha ya marehemu akiwa na suti. Ndani: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapandishwa cheo, akastaafu, akaugua. Halafu, kabla tu ya shukrani kwa madaktari, unakuta sentensi moja: "Alipenda muziki na kucheza drafti." Mzee amemaliza Jumamosi zake zote kwenye ubao ule, nasi tumempa maneno matano.

Kamati ya mazishi ikiketi, hutafutwa mtoto mwenye mwandiko mzuri, akakabidhiwa faili la vyeti. Vyeti vinajua kazi tu. Waliojua mambo mengine ya mzee wapo mitaa ya Nairobi kama Jericho, Makongeni au Kaloleni, na mazishi yako mashambani. Kaburini watasema familia, kanisa, mwajiri wa zamani, chama na chifu. Wenzake wa drafti hawapandi basi la usiku, na hata wakipanda hawamo kwenye ratiba. Kwa hiyo wanachokijua kikusanywe jijini, zile jioni za matanga kabla mwili haujatoka mochari. Mkishaondoka Nairobi bila kuwauliza, basi tena.

Anzeni na mjane, lakini msimwulize mzee alikuwa mtu wa namna gani. Atajibu kwamba alikuwa mpole na mcha Mungu, maana mbele ya wageni swali hilo halina jibu jingine. Mwulizeni: Jumamosi akiamka alianza na nini? Nani alikatazwa kugusa redio yake? Alinuna kwa sababu gani? Aulizwe asubuhi, kabla wageni hawajajaa sebuleni, na aulizwe na mjukuu anayemzoea. Kifungua mimba ana orodha ya madeni kichwani, hataweza kusikiliza. Simu irekodi, dakika 20 zinatosha.

Kisha waendeeni wachezaji wenyewe. Ubao una miraba 64, kila upande vizibo 12 vya soda. Mmoja huvilaza vikiangalia juu, mwingine huvifudikiza. Kizibo kikifika mstari wa mwisho hubebeshwa kingine, kikawa "kingi," yaani mfalme. Waulizeni mzee alichukua upande upi, alifungua mchezo kwa pembeni au katikati, na je, alikuwa mtu wa kelele? Ukiandika kwamba "alicheza na vizibo vilivyofudikizwa na hakumruhusu mtu kurudisha kete akishaiachilia," kitukuu ambaye hakumwona atapata kitu cha kushika. "Alikuwa mwadilifu" ameandikiwa kila marehemu.

Mkilalamika kwamba nafasi haitoshi, tupige hesabu. Mbele ya waombolezaji, Kiswahili husomeka takriban maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo wasifu wa dakika tano ni maneno 500 hivi. Mambo aliyoyapenda yapewe 150. Punguzeni ugonjwa. Majina ya wodi na tarehe za kulazwa hayamsaidii yeyote; sentensi moja inatosha.

Kuhusu kuchapa: karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo jumla iwe 8, 12 au 16. Mkiongeza ukurasa mmoja dakika za mwisho, mchapaji atawaachia kurasa tatu tupu au atabana herufi mpaka wazee wenzake washindwe kusoma. Picha mkizituma WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ukali wake. Zitumeni kama faili la dokumenti. Za kuskani ziwe nukta 300 kwa inchi, na ile ya pasipoti itakayokuzwa mara mbili iwe 600. Picha iliyonata kwenye albamu ya gundi msiibandue kwa kucha. Pitisheni uzi wa kusafishia meno chini yake taratibu. Ikikataa, ipigeni hapohapo ilipo, karibu na dirisha, bila flashi.

Hatari kubwa huja baada ya mazishi, nyumba inaposafishwa. Boksi la kaseti ndilo la kwanza kwenda kwa watu wa vyuma na plastiki, na humo huenda mna sauti yake, maana wengi wa rika lake walirekodi salamu na harusi juu ya kaseti za muziki. Sikilizeni pande zote mbili hadi mwisho. Kaseti ya C60 ina dakika 30 kila upande. Kabla ya kuiweka kwenye mashine, vunjeni vile vijino viwili vya ukingo wa nyuma, ili mtoto akibonyeza kitufe cha kurekodi asimfute babu yake. Iliyokaa miaka mingi ipelekwe mbele mpaka mwisho na kurudishwa ndipo ichezwe, tepu ikajiachie. Sauti ikiwa imefifia, huenda kile kisponji kidogo cha katikati kimedondoka. Kama kaseti ni ya skrubu, fundi anaweza kuhamishia tepu kwenye ganda jingine.

Santuri zisimame wima, zikilazwa na kulundikwa hupinda. Za inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika, na zile za tundu kubwa zinahitaji kijazio cha katikati. Nzito za zamani za mizunguko 78 msizipanguse kwa spiriti: nyingi ni za shellac, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huuyeyusha. Soko la Kenyatta mtapata mnunuzi, lakini pigeni picha bahasha za santuri kwanza. Mara nyingi mzee aliandika pale jina lake na bei aliyonunulia, kwa kalamu, na mnunuzi haulizi habari hizo.

Ubao wa drafti, kwa maoni yangu, waachiwe wachezaji, pamoja na vizibo vyote. Na katika ibada ya Nairobi mmoja wao apewe dakika mbili, jina lake lichapwe kwenye ratiba kabisa. Wajukuu wakiudai ubao, watengenezewe mwingine: plaiwudi ya sentimita 40 kwa 40, miraba ya sentimita 5, rangi nyeusi kwenye 32.