Tamiya na lawama ya kurahisisha kazi

Waundaji wa modeli za magari wana mzaha wao wa siku nyingi: nunua seti ya Tamiya, yaani sanduku la vipande vya plastiki vya kuunga gari dogo, mimina gundi ndani ya sanduku, funika, tikisa, kisha fungua utoe gari likiwa tayari. Wapo wanaousema kwa mapenzi, na wapo wanaousema kwa kejeli, wakimaanisha kwamba kampuni hiyo ya Kijapani imegeuza ufundi kuwa kazi ya kufuata maelekezo, na kwamba anayeunga vipande vinavyoingiana vyenyewe hana la kujivunia anapoliweka gari lake kabatini. Lawama hiyo si ya kupuuzwa, maana inatoka kwa watu wenye mikono mizuri, waliojifunza kuziba nyufa kwa puti, kupiga msasa mpaka vidole vikaota sugu, na kuchonga upya bampa iliyotoka kiwandani imepinda. Kwao, kupambana na plastiki mbaya ndiyo shule yenyewe.

Hata hivyo, nadhani wamekosea kuhusu mahali ufundi unapokaa, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha. Katika kipimo cha 1/24, ambacho ni cha kawaida kwa modeli za magari, kila milimita moja inasimama badala ya milimita 24 za gari halisi. Uwazi kati ya mlango na bodi ya gari la barabarani ni kama milimita 4. Kwenye modeli unapaswa kuwa milimita 0.17, ambazo hazifiki unene wa karatasi mbili za kuandikia. Kosa la milimita 0.2, ambalo ni shida kuliona kipande kikiwa mkononi, ni sawa na karibu milimita 5 za gari halisi, yaani mlango uliogongwa ukarudishwa na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Kisha ije rangi. Tabaka zote za rangi ya gari halisi kwa pamoja ni kama milimita 0.12, kuziiga kwa kipimo kungetaka tabaka la milimita 0.005, na mkono wa binadamu haufiki huko. Mwundaji mwangalifu akipuliza rangi ya chini, rangi yenyewe na vanishi, vyote visizidi milimita 0.05 katika kila ukingo, ule uwazi wa 0.17 umebaki 0.07, na mlango unaanza kuonekana kama umepigwa lipu.

Maana yake ni kwamba mwundaji hana milimita za kupoteza. Kila kosa la kiwanda linakula nafasi ambayo rangi ilikuwa inaihitaji, na puti inayolisahihisha kosa hilo inaila iliyobaki. Seti inayoingiana vizuri haimwondolei mtu kazi, bali inaihamisha kutoka kwenye ukarabati na kuipeleka kwenye umaliziaji, ambako ndiko modeli nyingi hufia.

Gundi nayo inasimulia habari hiyo hiyo. Ile ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani ni nyepesi kama maji, na haipakwi kwenye kipande kabla ya kuunga. Unashikanisha vipande kwanza, unagusa kiungo kwa ncha ya brashi, na gundi inakimbia yenyewe kwenye mstari mzima kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Kwenye mwanya haikimbii, husimama hapo hapo ikachuruzika na kula uso wa plastiki. Mtu anayeuza gundi ya namna hiyo lazima awe na imani na kalibu zake.

Imani hiyo ilipatikana kwa maumivu. Kampuni ilianza Shizuoka mwaka 1946 ikipasua mbao, ikaingia kwenye modeli za mbao, na modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato ya mwaka 1960, iliangushwa sokoni na mshindani aliyetoa meli hiyo hiyo kwa bei ndogo. Kushindana kwa bei kulikuwa kumeshindikana. Kulibaki kushindana kwa ubora. Ndiyo maana Shunsaku Tamiya, mwana wa mwanzilishi, aliyefariki Julai 2025 akiwa na miaka 90, alifika mahali pa kununua Porsche 911 na kuifungua kipande kwa kipande ili modeli ya Porsche 934 (toleo la mashindano la 911) ya kipimo cha 1/12, iliyotoka mwaka 1976, iwe sahihi hadi ndani. Mtu anaweza kuuita huo wazimu wa tajiri. Mimi nauona kama heshima kwa mnunuzi ambaye hatawahi kuifungua 911 yoyote.

Lakini Porsche hiyo hiyo inawapa walalamikaji hoja yao nzito zaidi, ambayo watetezi wa Tamiya hupenda kuipita kimya kimya. Gharama ilikuwa kubwa kiasi kwamba bodi ile ilibidi itumike pia kwa gari la kuongozwa kwa redio, lililouzwa mwaka huo huo. Biashara ndiyo iliyoamua. Seti kadhaa za miaka ya 1970 na 1980 zilitengewa nafasi ya mota na betri za kuliendesha gari hilo dogo, na ukizigeuza chini unakuta ubapa mahali ambapo pangekuwa na injini na mfumo wa moshi. Leo mota haipo, lakini injini pia mara nyingi haipo: modeli yao ya gari liitwalo Enzo Ferrari ina injini kamili ya kuitazama, ilhali Toyota GR Supra, iliyokuja miaka mingi baadaye, haina. Anayesema kwamba usahihi wa nje umenunuliwa kwa kuacha ya ndani hakosei, na bei haijashuka kwa sababu hiyo.

Uchaguzi wa magari nao ni wa tahadhari. Anayetaka Datsun 240Z ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally ya mwaka 1971 hupata sanduku lake kwa Hasegawa, kampuni nyingine ya modeli, majirani wa Tamiya katika mkoa huo huo wa Shizuoka. Na gari hilo, wengi wanaoliunda hupenda kuliunda lilivyofika mwisho wa mbio, limepakwa vumbi jekundu na matope hadi mistari ya milango, ile ya milimita 0.17, haionekani kabisa.