Polisi wakichelewa visiwani, nani awaulize?

Mbunge wa kando ya ziwa akisimama Dodoma kuuliza ni lini kata fulani itapata kituo cha polisi, wengi humwona anatafuta kura za jimboni. Jibu nalo linajulikana kabla Naibu Waziri hajafika kwenye kipaza sauti: Serikali inatambua umuhimu wa kituo hicho na itajenga kadiri fedha zitakavyopatikana. Linafuata swali la nyongeza kuhusu boti, jibu ni lile lile, na Spika anaita swali jingine.

Naona maswali hayo yanadharauliwa isivyo haki. Ndani yake kuna hoja ya ugatuaji, yaani kupeleka madaraka ngazi za chini, ambayo hata wabunge wenyewe hawaisemi hadi mwisho: askari akichelewa, ni nani aliye karibu na mwananchi mwenye mamlaka ya kumuuliza kwa nini, naye akalazimika kujibu?

Twende mwaloni. Wilaya ya Ukerewe ni visiwa 38. Mvuvi akinyang'anywa injini usiku ziwani, anarudi kwa makasia, anamwamsha mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, simu zinaanza kupigwa. Kituoni askari ni wachache. Boti, kama ipo, haina mafuta, na anayeambiwa atafute mafuta ni huyo huyo aliyeibiwa. Kunapambazuka injini imeshavuka upande mwingine wa ziwa, namba zimekwanguliwa. Mvuvi anaandikisha maelezo, anapewa RB, namba ya taarifa yake kituoni, anarudi kwa tajiri wake na karatasi.

Injini hununuliwa nyingine. Yapo yasiyonunuliwa. Binti akibakwa, dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ina faida. Ushahidi wa mwilini nao haungoji. Sasa zihesabu saa hizo katika kisiwa kidogo kisicho na askari. Usiku wa kwanza mama anasita, kwa sababu aliyefanya ni shemeji. Asubuhi wanakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye anapiga simu kituoni. Askari yuko kisiwa kingine, atafika kesho. Kesho ziwa limechafuka. Katikati ya kungoja huko ndipo wazee wanapokaa kikao, fidia inatajwa, na binti anaambiwa asiiaibishe familia. Askari anapofika na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali, saa 72 zimekwisha, na mlalamikaji hayupo tena. Kesi hiyo haitahesabiwa popote kuwa imecheleweshwa, kwa sababu haikufunguliwa. Namba zinazosomwa bungeni kila mwaka kuhusu uhalifu zinahesabu yaliyofika kituoni. Yaliyoishia kwenye kikao cha wazee hayamo, na visiwa vinaonekana shwari.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeandika saa za mtuhumiwa: afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ni haki yake, na iheshimiwe. Saa za anayemsubiri askari zinategemea mafuta.

Wanaopinga kuwapa watu wa chini sauti juu ya polisi wana hoja nzito. Polisi ni jambo la Muungano, limo katika orodha iliyo mwishoni mwa Katiba. Ibara ya 147 inakataza mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi la aina yoyote. Nchi hii imekaa pamoja kwa sababu hakuna mkoa wenye bunduki zake, na anayechezea hilo anachezea kitu kikubwa.

Wanaongeza la pili, nalo linanigusa zaidi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, na tumeona uwezo huo ukitumiwa kumaliza ubishi wa kikao. Ukimwongeza diwani mwenye ugomvi na mpinzani wake wa kata, hali itakuwaje? Tena mapato ya Jiji la Mwanza hayalingani na ya Ukerewe. Polisi wakilipwa na halmashauri, maskini atalindwa kimaskini.

Nakubali yote hayo, lakini hayajibu kinachoombwa. Sijasikia mtu wa Nansio, makao makuu ya Ukerewe, akidai jeshi la wilaya. Kinachodaiwa ni kwamba OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, aje mbele ya baraza la madiwani kila robo mwaka, aeleze taarifa ngapi zilipokelewa, askari walifika baada ya muda gani, na boti ililala bila mafuta siku ngapi. Amri za kukamata na kupeleleza zibaki kwa IGP, mkuu wa polisi nchini, na makamanda wake.

Msingi wake upo tayari. Ibara ya 146 ya Katiba inaitaja miongoni mwa kazi za serikali za mitaa ile ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Sheria Na. 7 ya 1982, ya serikali za mitaa za wilaya, nayo inaitaka halmashauri ya wilaya idumishe amani katika eneo lake. Halmashauri imebebeshwa wajibu bila kupewa hata haki ya kuuliza. Anayekaa na polisi kwenye kamati ya ulinzi na usalama ni mkuu wa wilaya, na yeye huteuliwa na Rais. Tuliwahi kuyapeleka madaraka mikoani mwaka 1972, halmashauri zikafutwa na maofisa wa Serikali Kuu wakashika nafasi zake. Miaka kumi baadaye ilibidi itungwe sheria ya kuzirudisha.

Majirani zetu ng'ambo ya ziwa wamejaribu njia ya kati. Sheria ya polisi ya Kenya ya 2011 iliunda mamlaka za polisi za kaunti chini ya uenyekiti wa gavana, ilhali amri ya jeshi ikabaki Nairobi. Zimesuasua, kweli, lakini Kisumu haijawa na jeshi lake.

Na anayeogopa majeshi ya mitaani aikumbuke sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe. Ilizuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ng'ombe waliibwa na Serikali haikufika kwa wakati. Ikaenea kijiji kwa kijiji, na viboko na faini zake, ikiwaandama hata vikongwe waliotuhumiwa uchawi, mpaka mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili itambuliwe. Kikundi kile kilizaliwa na ucheleweshaji, na ugatuaji haukuhusika.

Mbunge naye mikono yake imefungwa zaidi ya tunavyodhani. Ibara ya 99 inamzuia kuleta hoja ya kutumia fedha za Serikali isipokuwa imependekezwa na Rais kupitia waziri. Polisi wako Wizara ya Mambo ya Ndani, halmashauri ziko TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na swali lake linaangukia katikati. Silaha iliyobaki ni kushika shilingi ya mshahara wa waziri wakati wa bajeti, yaani kuukwamisha usipitishwe mpaka waziri ajibu. Kwa kawaida huishika kwa ajili ya jengo, anaahidiwa jengo, anaiachia. Jengo lisilo na boti wala mafuta halimfikishi askari kwa yule binti.

Mwaka huu wabunge wa Ukerewe, Buchosa, Sengerema na Ilemela wangeishika kwa pamoja na kudai mambo mawili. La kwanza, mafuta ya boti za polisi wa ziwani yapate fungu lake linaloonekana kwenye kitabu cha bajeti, kisiwa kwa kisiwa. La pili, waziri atamke tarehe ambayo OCD ataanza kupeleka taarifa ya muda wa kufika kwa baraza la madiwani. La pili halihitaji hata shilingi ya nyongeza, na waziri akilikataa, aseme sababu yake bungeni ikaandikwe kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge.