Vitabu vya Wadalit sio vya kulilia

Huku kwetu, India tunaijua kwa muvi, nyimbo, mvua, bibi harusi anakimbilia stesheni ya treni, na kwa miaka yote niliyokaa mbele ya tivii sikumbuki kuona mtu ananyimwa maji ya kunywa kwa ajili ya kasta aliyozaliwa nayo, yaani tabaka ambalo mtu anazaliwa nalo na hawezi kulitoka. Hayo nimeyakuta kwenye vitabu vya Wadalit wenyewe, wale wa chini kabisa, nje ya kasta zote, walioitwa wasioguswa kwa kuonekana ni najisi. Na nina ugomvi na wanaovisifia, kila mtu anaanza na "inasikitisha sana". Jamani, mbona mimi naona ni ushahidi wa kesi?

Chukua Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, alizaliwa 1891, baba yake mwanajeshi. Anasimulia kwamba shuleni alikuwa anakalia gunia lake mwenyewe, analibeba asubuhi jioni analirudisha nyumbani, maana hata mfagiaji wa shule alikuwa hataki kuligusa. Bomba lipo ila yeye haruhusiwi kulishika, mpaka tarishi aje amfungulie, na tarishi asipokuwepo basi siku hiyo atashinda na kiu. Hapigi kelele wala haombi umuonee huruma, anakutajia tu nani anafungua bomba na nani hataki. Mtoto huyo ndo alikuja kuongoza watu pale Mahad, mji wa magharibi mwa India, mwaka 1927 wakaenda kunywa maji ya bwawa la umma, bwawa ambalo wanyama walikuwa wanakunywa bila shida, wakapigwa, halafu watu wa kasta za juu wakalifanyia bwawa tambiko la kulitakasa!

Baadaye akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa katiba ya India, ikaanza kutumika 1950, na kifungu cha 17 kikapiga marufuku habari za kutoguswa. Sasa mwaka huohuo wa 1950 ndo kazaliwa Omprakash Valmiki, mwandishi Mdalit, na katika kitabu cha maisha yake, Joothan, anaeleza jinsi mwalimu mkuu alivyompa ufagio, wenzake wako darasani yeye anafagia shule na uwanja, siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu baba yake akapita, akamwona, akamnyang'anya ule ufagio akautupa na kuanza kumfokea mwalimu. Yaani sheria ipo, na dogo anafagia. Hata leo watu wanashushwa kwenye machemba ya maji taka kwa mikono mitupu na wanafia humo, wakati kazi hiyo ilishakatazwa kwa sheria ya 2013.

Ila kwangu mimi mkali wao ni Baby Kamble. Mama wa duka wa jimbo la Maharashtra, wa jamii ya Mahar, Wadalit kama Ambedkar, aliandika maisha yake kwa Kimarathi, lugha ya huko kwao, akaficha makaratasi miaka kama 20 mume asijue. Anawachana wa kasta za juu vizuri tu, halafu anageukia nyumbani, wanawake wa Mahar walivyokuwa wanapigwa na waume zao, mama mkwe anavyomtesa mke wa mwanae, mtu aliyekanyagwa nje anakuja kumkanyaga aliye chini yake ndani. Ukimsoma kwa huruma tu hapo utakwama, kwa sababu huruma inataka mnyonge awe malaika.

Kama kuna mchapishaji Dar au Nairobi anatafuta cha kutafsiri, aanze na Kamble, na dibaji tafadhali asimpe mtu wa machozi.