Subfremu ilikataa kusonga, kibanda kikakubali

Wee, hii Mini ya mjomba ilikaribia kunipeleka kwa chifu. Ni ya 1974, na kama unazijua hizi gari, hazina shasi, bodi yenyewe ndiyo mgongo, injini inakaa kwa subfremu ya mbele, yaani fremu ndogo ya chuma inayofungwa chini ya bodi kwa bolti, na magurudumu ya nyuma yanashikwa na subfremu nyingine, na hiyo ya nyuma hukusanya maji na matope hadi inaoza, ukiigusa na bisibisi inaingia tu. Issigonis aliyeichora, ikatoka 1959, sidhani aliwaza Kariobangi, hapa Nairobi, ikinyesha.

Basi tukapata subfremu ingine, fundi akachomelea pale bodi ilikuwa imeoza, tukaleta na bushi mpya, vile vipira vinakaa kati ya subfremu na bodi. Bolti za mbele zikaingia, akazikaza hadi mwisho. Za nyuma zikagoma, tundu liko huku bolti iko kule.

"Bosi, bodi imepinda. Lazima tuivute."

Kujua kama imepinda unapima msalaba, kona hadi kona, pande zote mbili, zikilingana iko skwea. Ya kwanza alipima na tepu ya chuma, halafu jamaa wa rangi akapita akaichukua bila hata salamu, kwa hivyo ya pili ikapimwa na tepu ya kitambaa ya fundi wa nguo hapo kando, ile imevutwa tangu enzi za Moi imelegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Tofauti sentimita mbili! "Si nilikwambia?"

Cheni bloku ikaletwa, ile mashine ya cheni ya kuvuta na kuinua vitu vizito. Upande mmoja kwa bodi, ule mwingine unataka kitu hakisongi, na katika vitu vyote vya Kariobangi fundi akachagua nguzo ya kibanda cha Mama Chapati, mwenyewe akiwa ameenda kununua unga. Cheni ikalia. Mimi nimechuchumaa naangalia tundu, "leta... leta kidogo...", na kweli kuna kitu kilisonga, ila kilikuwa mabati. Kibanda kikaja chote, na meza, na sufuria ya maharagwe.

Mama akatokea na unga mkononi. "Nani anavuta hoteli yangu?"

Fundi, kwa adabu zote: "Mathe, ni alaimenti tu."

Kelele ikamleta mzee mmoja wa gereji ya nyuma, amefunga hizi Mini tangu zikiwa mpya. Akacheka kwanza, akacheka sana, ndio akasema legezeni bolti zote, anzisheni kila moja kwa mkono, mbele na nyuma, bushi zipate nafasi ya kucheza, kisha mkaze. Zikaingia zote! Tepu ya chuma iliporudi tukapima tena, msalaba sawasawa, bodi haikuwa na shida yoyote.

Nililipa mabati, maharagwe na chapati zote zilizoanguka, na tukiendelea kuhesabu hasara na Mama, fundi yuko nyuma yake anakula zile hazikufika kwa matope.