Nzuri, ila mawazo: nani analipatia jina jonzi la mtu?

Mwaka aliofiwa na mumewe, shangazi yangu alikwenda hospitali mara nne, na mara zote nilimsindikiza mimi. Daktari kijana alimwamkia kwa adabu: "Shikamoo mama, habari za nyumbani?" Naye akajibu kama alivyofunzwa tangu utotoni: "Marahaba mwanangu, nzuri." Kisha akataja yaliyomleta. Kichwa kizito, miguu inakufa ganzi, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Akapimwa malaria, presha na sukari, hakikuonekana kitu. Tukapewa dawa za maumivu. Ndani ya daladala ndipo aliponiambia: "Mawazo tu, mwanangu. Mawazo yananila."

Kwa nini hakumwambia daktari? Kwanza hakuulizwa. Pili, mtu mzima hafungui kifua mbele ya kijana aliye rika la mwanawe. Tena kwetu "nzuri" haielezi hali ya mtu, ni heshima anayompa anayemjulia hali. Habari yenyewe huja baadaye, nyuma ya "ila": nzuri, ila mtoto kalazwa, salama, ila tumefiwa. Anayenyanyuka kabla ya "ila" huondoka hajaambiwa chochote.

Tangu siku zile nimekuwa nikifuatilia mabishano ya wataalamu kuhusu jambo hili. Wako wanaosema sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka (kwa Kiingereza depression), ni ugonjwa mmoja duniani kote, na kinachobadilika ni lugha tu. Wengine wanasema utamaduni hauishii kwenye maneno: ndio unaomfunza mtu ahisi nini, aihisi wapi mwilini, na amweleze nani.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, alionya mwaka 1977 kwamba ni kosa kuchukua orodha ya dalili iliyotungwa kwa watu wa jamii moja, kuipeleka kwa jamii nyingine, kisha kudai umegundua ugonjwa uleule. Baadaye alikwenda Hunan, China, akawachunguza wagonjwa 100 walioambiwa wana shenjing shuairuo, yaani udhaifu wa neva. Malalamiko yao yalikuwa ya mwili: kichwa, uchovu, kukosa usingizi. Kwa vigezo vya Kimarekani, 87 kati yao walikuwa na sonona. Mtu angeweza kufunga mjadala hapo na kusema ni ugonjwa uleule uliovaa nguo nyingine. Lakini walipopewa dawa za sonona, wengi walipata nafuu ya dalili na bado wakaendelea kujiona wagonjwa mpaka matatizo ya kazini na nyumbani yalipopata njia. Tena hao walikuwa watu waliotoka kwenye misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni, enzi za Mao ambapo waliodhaniwa wapinzani waliandamwa. Kutangaza kwamba umekata tamaa kungeweza kusikika kama lawama kwa serikali, ilhali kuumwa kichwa hakumkeri mtu. Mwili ulisema kile ambacho mdomo haukuwa na ruhusa ya kusema.

Pamoja na hayo, hoja ya utamaduni inanitia hofu, na hofu hiyo ina historia hapa hapa Afrika Mashariki. J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni, aliisimamia hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari mjini Nairobi kwa miaka mingi. Aliangalia waliolazwa, akaona wenye sonona ni wachache mno, akahitimisha kwamba Mwafrika hapatwi nayo kama Mzungu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya Kenya ikatoa andiko lake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu walionyang'anywa ardhi wakageuzwa kuwa watu wenye kasoro ya akili.

Ubaguzi ule tunaujua. Kosa jingine la Carothers, la kitaalamu, ndilo ambalo hata mtu mwema anaweza kulirudia leo: aliwatazama waliofikishwa Mathari tu. Anayepelekwa huko ni aliyevua nguo barabarani au aliyemjeruhi jirani. Mjane anayekesha macho wazi, kesho yake akaamka kuchota maji, hafikishwi Mathari, wala Mirembe kule Dodoma. Watafiti John Orley na John Wing walipokwenda kuwahoji watu vijijini Uganda, matokeo waliyoyachapisha mwaka 1979 yalionyesha sonona kwa wanawake wa huko ni nyingi kuliko kwa wanawake wa kusini mwa London. Ilikuwepo. Hakuna aliyekuwa amekwenda kuiulizia.

Kwa hiyo nikisikia Mwafrika mwenzangu akisema sonona ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna ndugu na jamaa, nasikia hitimisho la Carothers likitoka kwenye kinywa kingine. Amelifanya sifa, lakini mgonjwa anabaki palepale, bila msaada.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ya wote unatoka Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na akina bibi wachache wa mtaa wa Mbare, wahudumu wa afya wa mtaani, akawafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Hawakuuliza kuhusu sonona. Waliuliza kuhusu kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. (Kwao kufunga ni kufikiri. Msomaji wa Kiswahili atasikia mlango.) Utafiti uliochapishwa Desemba 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita wenye dalili za sonona walikuwa chini ya asilimia 14 kwa waliokaa na akina bibi, na karibu asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Kila upande unaweza kudai ushindi hapo. Mbinu ya kutatua matatizo ilitoka kwa wataalamu wa nje, na dodoso lililotoa asilimia hizo, PHQ-9, limetungwa Marekani. Lakini lugha, umri wa muulizaji, hata mahali pa kukaa, vyote ni vya Wazimbabwe. Mimi nasema maumivu ni ya binadamu wote, ila njia ya kuyafikia ni ya wenyeji, na asiyeijua atazunguka nyumba na kuondoka akidhani haina watu.

Ndiyo maana siligombi neno sonona, wala unyogovu wanaolitumia wengi Kenya. Tunahitaji jina ili bima ilipe, ili mwajiri aelewe, ili mtu asiambiwe ajikaze. Najua pia jina jipya huja na wauzaji wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Japani, kampuni za dawa ziliutangaza ugonjwa huu kuwa ni kokoro no kaze, mafua ya moyo. Watu waliokuwa wakijificha wakajitokeza kutibiwa, na mauzo ya vidonge nayo yakapanda sana. Jina likae kwenye faili la daktari. Ulizo la kwanza liwe mawazo.

Chibanda mwenyewe alifunzwa hilo na akina bibi. Mwanzoni alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Wakamwambia hakuna atakayelikalia. Likaitwa chigaro chekupanamazano, kiti cha kupeana mawazo.

Shangazi alikaa eda miezi minne na siku kumi. Siku zote hizo nyumba haikukauka wageni: poleni zilimiminika, vyakula vililetwa, wanawake walilala naye chumbani. Eda ikaisha, kila mtu akarudi kwake. Hivi karibuni niliangalia tarehe kwenye kadi yake ya hospitali. Safari ya kwanza ilikuwa wiki ya tatu baada ya kutoka eda. Katika safari zote nne, hakuna aliyemuuliza siku hizi analala na nani.